Mpimaji wa Theluji wa Davos

Wapo watu Davos, nchini Uswisi, ambao kazi yao ni kuchimba shimo kwenye theluji, kulitazama kwa saa nzima, kisha kulifukia. Wakirudi mjini hawana cha kuonyesha mkononi isipokuwa ukurasa mmoja wa daftari uliojaa namba na alama. Ukurasa huo ukikutana na kurasa za wenzao waliotapakaa katika milima ya Alpi, watu wanaopanda milima kwa skii hujua ni miteremko ya aina gani inayoweza kuwachukua kesho yake.

Niliruhusiwa kumfuata mmoja wao asubuhi moja ya Februari. Ni mwanamke mzaliwa wa mabonde hayo, kiongozi wa wapanda mlima kwa kazi yake ya kila siku. Nitamwita mpimaji, maana ndivyo alivyojitambulisha. Alikuwa na kijana anayejifunza kwake, na kwa sehemu kubwa ya siku ile niliwasikia wakisema maneno machache kuliko niliyozoea kusikia mahali penye fundi na mwanafunzi wake.

Kazi hii haiko Davos kwa bahati tu. Mwaka 1936 watafiti wachache walikuwa tayari wanapima theluji katika kibanda cha maabara huko Weissfluhjoch, mlimani juu ya mji huu, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na vipimo vya kina cha theluji vya eneo hilo vimeendelea tangu wakati huo. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliundwa mwaka 1942. Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 yaliua watu 98 nchini Uswisi kwa maporomoko ya theluji, wengi wao wakiwa wanakijiji waliofunikwa majumbani mwao. Siku hizi vijiji vimekingwa kwa kuta, vyuma na misitu iliyopandwa juu yake, na wanaofariki, ambao kwa wastani ni zaidi ya 20 kwa mwaka, karibu wote ni watu waliokwenda mlimani kwa hiari yao. Katika ajali za namna hiyo, mara tisa kati ya kumi poromoko hufyatuliwa na yule yule linalomfunika, au na mwenzake wa msafara. Kwa hiyo mpimaji anapochimba hatafuti kujua mlima utafanya nini. Anatafuta kujua mlima utafanya nini mtu akiukanyaga.

Kazi ilianzia mezani, kikombe cha kahawa kikiwa pembeni. Wakati wa baridi taasisi hutoa taarifa ya hatari kila siku saa kumi na moja jioni, na kuitoa tena saa mbili asubuhi. Hatari hupangwa kwa madaraja matano ambayo nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993. Siku ile ilikuwa daraja la tatu. Mtu asiyejua huona tatu kuwa ni katikati, si juu wala si chini, akajipa moyo. Kumbe karibu nusu ya vifo vya wasafiri wa mlimani hutokea siku za daraja hilo hilo. Mpimaji aliipita namba haraka, akakaa sana kwenye maneno yaliyo chini yake: miteremko ya aina gani, inayoelekea upande gani, juu ya mita ngapi, na tatizo lenyewe ni nini. Tatizo lilikuwa tabaka dhaifu la zamani lililozikwa, katika miteremko inayoelekea magharibi kupitia kaskazini hadi mashariki, juu ya mita 2,200.

Kisha akafungua ramani ya 1:25,000. Ramani hizi za Uswisi zinaweza kupakwa rangi kulingana na ukali wa mteremko: njano kuanzia digrii 30, rangi ya machungwa kuanzia 35, nyekundu kuanzia 40. Digrii 30 ndio mpaka mkubwa wa kazi nzima, kwa sababu chini ya hapo bamba la theluji kwa kawaida halina mvuto wa kutosha kuteleza likaondoka. Alifuata njia kwa ncha ya penseli bila kuandika, na kila ilipokaribia rangi ya njano alisimama akatia alama. Alama hizo zilikuwa sita. Hapo, alimwambia kijana, ndipo watakapoamua, wakiwa wamesimama na wameshusha pumzi. Hawataamua wakiwa katikati ya mteremko, miguu imechoka na theluji inavutia.

Ndipo zikaja ngozi za kubandika chini ya skii. Zamani zilikuwa ngozi za sili kwelikweli. Leo ni utepe mrefu uliofumwa kwa manyoya ya mbuzi wa angora yaliyochanganywa na nailoni, wenye gundi upande mmoja. Manyoya yake yamelala kuelekea nyuma, hivyo skii huteleza ikisukumwa mbele na hukwama ikitaka kurudi. Mpimaji alifuta upande wa chini wa kila skii kwa kitambaa kikavu, akanasa kitanzi cha mbele, akaulaza utepe polepole huku kiganja cha pili kikifuata nyuma kuifukuza hewa. Chembe moja ya theluji chini ya gundi ingetosha kuibandua ngozi baada ya saa mbili za kupanda. Alipita kingo zote kwa kidole gumba, kutoka ncha hadi mkia.

Kule barabara inapoishia, kwenye bonde la Dischma, alitutangulia hatua kadhaa akasimama, na kila mmoja wetu akampita peke yake. Alikuwa akisikiliza redio ndogo za uokoaji tulizovaa kifuani, chini ya koti. Kila redio hutuma mlio kwenye masafa ya kilohezi 457, na mtu akifunikwa wenzake hugeuza zao zipokee. Redio hiyo ni moja ya zana tatu za lazima; nyingine mbili ni ufito wa kukunja wenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na beleshi la alumini. Mtu aliyezikwa kwenye theluji hukosa hewa haraka. Dakika 10 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa, na baada ya hapo nafasi yake hushuka kwa kasi ya kutisha. Msaada wa helikopta, hata katika nchi yenye helikopta nyingi kama Uswisi, ni nadra kufika ndani ya muda huo. Ndiyo maana kila mtu hubeba zana zake, na ndiyo maana mpimaji hukagua redio ya mtu ambaye amepanda naye kwa miaka.

Tukaanza kupanda. Kisigino huachwa huru, ncha ya kiatu ndiyo iliyoshikwa, na skii haiinuliwi. Husukumwa tu ikiburuzika juu ya theluji. Mpimaji alikata njia yake kwa mwinuko mmoja usiobadilika, mpole kiasi kwamba pumzi yake haikupanda. Penye mteremko mkali zaidi alipinda kwa zigizaga. Kila pindo lilikuwa na mwendo wake: anasimama imara, anafungua skii ya juu mpaka inakaribia kuelekea alikotoka, anahamishia uzito wake hapo, anapiga teke dogo la kisigino ili mkia wa skii ya pili usikwame, kisha anaileta sambamba. Kijana alifanya hayo kwa nguvu. Yeye aliyafanya kwa kusubiri, na sikuona hata mara moja skii yake ikirudi nyuma.

Katika kupanda huko kazi ya kupima ilikuwa imekwisha anza, ingawa mimi nilidhani tunasafiri tu. Kila baada ya mwendo fulani aligeuza fimbo yake akaichoma thelujini kwa upande wa mshikio, taratibu, akihisi mkononi pale panapokaza na pale panapolegea ghafla. Aliposhika njia pembezoni mwa kilima kidogo, cha urefu usiozidi watu wawili, alikikanyaga kwa makusudi kutokea juu yake aone kama kitapasuka. Alionyesha kwa kidevu michirizi iliyochongwa na upepo, na mgongo wa mlima uliobeba theluji nene upande mmoja huku upande wa pili umebaki mawe matupu: upepo ulikuwa umevuma kutoka magharibi na kuhamisha mzigo.

Mahali pamoja, palipo karibu tambarare, theluji ilitoa mguno mzito chini yetu, na nikahisi nimeshuka kiasi cha unene wa kidole. Kijana alisimama. Mpimaji naye alisimama, akatazama saa na kipima urefu wa mlima, akaandika. Ule mguno ni wa tabaka dhaifu lililotitia chini ya uzito wetu, ufa ukakimbia mbali bila kuonekana. Pale tambarare hapakuwa na pa kuporomokea. Kwenye mteremko wa digrii 35 sauti hiyo hiyo ingekuwa mwanzo wa poromoko. Hakuna kipimo chochote cha shimoni kinachoshinda ushahidi huu, alisema, na akaisogeza njia yetu mbali zaidi na miguu ya miteremko mikali iliyokuwa kushoto kwetu, kwa kuwa ufa unaoanzia chini unaweza kupanda na kuufyatua mteremko ulio juu ya kichwa cha mtu.

Kuchagua mahali pa shimo kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Pasiwe pamekanyagwa. Pasiwe chini ya miti, ambayo hudondosha theluji ikaharibu mpangilio wa matabaka. Paelekee upande ule ule na pawe katika kimo kile kile cha miteremko inayotiliwa shaka, ila pasiwe na mteremko mkali juu yake. Alipata bega dogo linaloelekea kaskazini, digrii 28, akaanza kulichoma kwa ufito mrefu hapa na pale. Kina kilikuwa sentimita 160 upande mmoja, 140 hatua chache mbele, 118 karibu na ukingo. Akachagua 118. Kijana aliuliza kwa nini asichimbe penye theluji nyingi. Kwa sababu, alijibiwa, uzito wa mtu haufiki chini sana. Penye theluji nyembamba ndipo skii hulifikia tabaka dhaifu, na ufa ukishaanza hapo unakimbia hadi penye theluji nene.

Akachimba. Alianzia upande wa chini wa mteremko, akatupa theluji pembeni, kamwe si juu, maana ukingo wa juu wa shimo hauguswi. Upana ulikuwa kiasi cha mita moja na nusu, na ukuta atakaousoma aliuweka kivulini ili jua lisiubadilishe wakati anausoma. Alipofika kwenye majani makavu ya mlimani alibadilisha mshiko. Sasa beleshi lilikuwa mithili ya kisu: lilishuka wima, likamenya ukuta vipande vyembamba, kila kipande kikiondoka kizima, mpaka ukuta ukawa umenyooka na laini kutoka juu hadi ardhini. Kisha akatoa brashi ya kupakia rangi, pana na laini, akaupangusa ukuta kwa mapigo ya kulala. Hapo ndipo nilipoona. Matabaka laini yalilika ndani kidogo, magumu yakabaki yametokeza, na ule ukuta uliokuwa mweupe mtupu ukawa na mistari, mingine minene, mingine kama uzi. Majira yote ya baridi yalikuwa yamesimama mbele yetu, Novemba ikiwa chini na juzi ikiwa juu.

Alianza na joto. Alipima hewa, kisha uso wa theluji chini ya kivuli cha beleshi, halafu akachomeka kipimajoto kwenye ukuta kila baada ya sentimita 10, akingoja kila mara namba itulie kabla ya kuitaja. Kijana aliandika. Uso ulikuwa nyuzi 13 chini ya sifuri; ardhini ilikaribia sifuri kabisa. Ardhi hutunza joto la kiangazi, na theluji huifunika vizuri, kwa hiyo chini ni vuguvugu na juu ni baridi. Mvuke hupanda kutoka chembe za chini kwenda za juu. Tofauti ikiwa ndogo, chembe hushikana kwa madaraja madogo ya barafu na theluji hukomaa ikawa imara. Tofauti ikifika nyuzi moja au zaidi kwa kila sentimita 10, mvuke hupanda kwa wingi, chembe hujijenga upya zikawa kubwa, zenye pembe na pande bapa, na zile shikizo baina yake hufa. Theluji nyembamba chini ya usiku mkavu wenye nyota ndiyo huharibika hivyo haraka zaidi. Mabonde ya ndani ya Alpi, kama ya Davos, yana usiku wa namna hiyo mwingi.

Ugumu alioupima baada ya hapo hauhitaji chombo cha kununua. Mkono ukiwa ndani ya glavu, unasukuma ukuta kwa nguvu moja ile ile, ndogo, na unatazama ni nini kinaweza kuingia. Ngumi nzima ikiingia, tabaka ni laini sana. Kama ngumi haiingii, unajaribu vidole vinne vilivyonyooka, visipoingia, kidole kimoja, kisha ncha ya penseli, mwisho kisu. Alishuka tabaka baada ya tabaka akitamka: ngumi, vidole vinne, kidole kimoja, kidole kimoja, ngumi. Hapo kwenye ngumi ya pili alisimama. Ilikuwa sentimita 45 kutoka juu. Alirudia mara tatu, akisogea kushoto kila mara apate ukuta mpya. Chini yake palikuwa na gamba gumu, penseli kwa shida. Na chini kabisa, sentimita 30 za mwisho, ngumi tena.

Ajuaye theluji atakuwa ameshtuka kusikia mpangilio huo. Kidole kimoja juu ya ngumi ni bamba gumu lililolala juu ya kitu kisichoweza kulibeba.

Kadi ya chuma yenye miraba ya milimita alikuwa ameichomeka thelujini tangu tulipofika, ipate baridi ya theluji yenyewe. Aliichomoa, akakwangua chembe kidogo sana za lile tabaka la sentimita 45, akazitawanya kwa kugonga ukingo wa kadi, akasogeza lenzi jichoni huku uso wake ameugeuzia pembeni. Pumzi moja ya joto ingezimaliza. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha alinipa mimi, nami nikabana pumzi. Chembe hazikuwa nyota zenye ncha sita ambazo watu huzichora. Zilikuwa vipande vyenye kona, vya milimita moja na nusu hadi mbili, vikimetameta pande zake bapa, kila kimoja kimekaa peke yake. Zile za chini kabisa zilikuwa kubwa zaidi, nyingine zimejijenga kuwa vikombe vidogo vyenye mikunjo ubavuni, na alipozichota kwa kiganja zilichuruzika baina ya vidole kama sukari ya dukani. Ukizibana hazifanyi tonge.

Ujazo na uzito alivipima upesi, kwa kikopo cha chuma cha sentimita 100 za ujazo na mizani ndogo ya kuning'iniza. Theluji ya bamba iliyojaza kikopo ilikuwa gramu 23. Akaandika, akapita.

Ukuta ulikuwa umeeleza lililopo. Kilichobaki ni kuuuliza utafanya nini ukikanyagwa. Alipima kwa rula sentimita 90 kukatisha mteremko na sentimita 30 kwenda nyuma, akakata pande zake kwa msumeno mrefu na kwa kamba nyembamba yenye mafundo, ambayo yeye na kijana waliivuta huku na huku nyuma ya nguzo mpaka ikatoka. Nguzo ikabaki imesimama peke yake, haikushikwa na chochote isipokuwa chini. Jaribio hili lilitangazwa mwaka 2006 na Ron Simenhois na Karl Birkeland, na ubora wake ni kwamba linaonyesha mambo mawili: kama ufa unaanza, na kama ukishaanza unakimbia.

Alilaza bapa la beleshi juu ya ncha moja ya nguzo, akaanza kupiga. Mapigo kumi ya kwanza hutoka kwenye kifundo cha mkono: kiganja huachwa kianguke kwa uzito wake tu. Kumi ya pili hutoka kwenye kisugudi, mkono wa mbele wote ukianguka. Kumi ya tatu hutoka begani. Ustadi hapa ni kutoongeza nguvu. Mwanafunzi akishaona ufa unakaribia, husukuma. Akiogopa matokeo, huzuia. Mkono wa mpimaji ulianguka kila mara sawa, kama vile haukuwa na maoni. Kijana alihesabu kwa sauti. Kumi yakaisha. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kwenye kumi na tatu mstari mwembamba ulipita katika nguzo yote kwa mara moja, kutoka chini ya beleshi hadi mwisho wa pili, na bamba zima likateleza likatuangukia magotini.

“Umeuona ukianza, au umeuona umekwisha?” mpimaji alimwuliza kijana.

“Umekwisha,” alijibu.

“Basi andika hivyo.”

Bamba halikuvunjika lilipoanguka. Alilipindua, akatuonyesha upande wake wa chini: umenyooka kama meza, umepakwa chembe zile zile zenye kona. Kisha, badala ya kufunga vifaa, alihama mita moja, akapima tena sentimita 90, akakata nguzo ya pili kwa uangalifu ule ule. Mikono yake ilikuwa imekuwa myekundu, na upepo ulikuwa umeanza. Kumi na nne, ufa nguzo nzima. Alipoandika hayo ndipo alipokubali kukaa juu ya mkoba wake na kunywa chai.

Nilimwomba anisomee ukuta kama anavyousoma yeye. Alifanya hivyo kutoka chini kwenda juu. Theluji ya mwanzo ilianguka Novemba, kidogo, ikakaa wiki nyingi chini ya anga safi mpaka ikaoza kuwa vile vikombe. Likaja joto fupi lililoyeyusha uso, usiku ukaugandisha. Hilo ndilo gamba. Ikaanguka theluji nyepesi juu ya gamba, na baridi ikaibadilisha kuwa chembe zenye kona. Mwishoni mwa Januari ikaja dhoruba yenye upepo wa magharibi ikaweka bamba juu ya yote. Dhoruba ilikuwa imepita, anga ilikuwa ya buluu, miteremko ilimeremeta, na lile tabaka bado lilikuwa pale pale, limebeba mzigo, linasubiri. Matabaka ya aina hii hayaponi kwa siku mbili tatu. Huchukua wiki, na mengine hukaa mpaka majira ya kuchipua.

Ng'ambo yetu palikuwa na mteremko mzuri mno wa kaskazini, digrii 36 kwa kipima mteremko, na alama za skii za watu wanne zilizopinda kwa madaha hadi chini. Kijana aliutazama. Nadhani sote tuliutazama. Mpimaji hakumkaripia. Alimwonyesha mawe yaliyochungulia karibu na katikati yake, pale theluji inapokuwa nyembamba, akamwuliza hao wanne walipita umbali gani kutoka hapo. Walipita mbali. Alama zao zilionyesha tu kwamba hakuna aliyegusa mahali pabaya. Wa tano angeweza kupagusa. Bamba ambalo mtu mmoja hufyatua kwa kawaida huwa na upana wa takriban mita 50 na unene wa nusu mita, nalo huvunjika juu yake na kumzunguka, si chini ya miguu yake tu. Hakuna ustadi wa kuteleza unaomtoa mtu hapo kwa uhakika.

Akafukia shimo. Alirudisha theluji yote, akaikanyaga, akasawazisha, ili anayeshuka kwa kasi asitumbukie. Kisha akavua ngozi, akazikunja gundi kwa gundi, akazitia ndani ya koti zipate joto la mwili, akafunga visigino.

Tulishuka kwa njia ya bega la mlima ambalo ramani yake haikuwa na rangi, digrii 27 pale palipo pakali kuliko pote. Hata hapo alikwenda kwanza peke yake mpaka kwenye kisiwa cha mawe, akageuka, akainua fimbo, ndipo kijana akaenda, ndipo nami. Kwenye kila alama miongoni mwa zile sita za penseli alisimama. Mara moja tu alibadilisha njia aliyoipanga, penye mfereji uliojaa theluji ya upepo, akatuzungusha mbali ingawa ilitulazimu kuvua skii na kutembea. Theluji ya bega lile ilikuwa laini na kavu, na uchezaji wake ndani yake ulikuwa mzuri kuutazama: magoti yakiinama na kunyooka kwa mpigo mmoja, bila kishindo.

Alipofika barabarani aliingiza namba zote kwenye simu, pamoja na saa na mahali pa ule mguno, akazituma kwa taasisi. Watu wapatao 200 hufanya kazi kama yake nchini Uswisi, wengine wakipima theluji mpya kila alfajiri nyuma ya nyumba zao, wengine wakichimba mashimo. Mwaka 2018 UNESCO iliandika maarifa ya Uswisi na Austria ya kukabiliana na maporomoko ya theluji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Naona ilistahili, na ningependa tuelewe kwamba urithi huo ni wa watu hawa hasa, wanaopiga kumi na tatu, kisha wakahama mita moja kuhakikisha kumi na nne.

Saa kumi na moja jioni taarifa mpya ilitoka. Daraja la tatu lilibaki, na miteremko ikabaki ile ile.

Wapo wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Zurich, Oslo, Calgary na miji mingine isiyo mbali na milima ya theluji, na huenda watoto wao wanajifunza skii shuleni. Uswisi, Norwei na Kanada hutoa taarifa za namna hii bure wakati wa baridi. Ukialikwa kupanda nje ya njia zilizotengenezwa, isome taarifa ya siku hiyo yote, maneno pamoja na namba, na umwombe mwenyeji wako akuonyeshe redio, ufito na beleshi kabla hamjatoka nyumbani. Akikosa kimoja, ahirisheni safari.